Ioniq 5 N uwanjani: kuliandaa, kuliendesha na kulipoza gari la umeme la tani 2.2

Hyundai ilipolizindua Ioniq 5 N kwenye tamasha la Goodwood, Uingereza, Julai 2023, wapenda magari waligawanyika saa ileile. Kuna waliotazama uzito wa zaidi ya kilo 2,200, mlio unaotoka kwenye spika na gia za kuigiza, wakasema hiki ni chombo cha kuchezea. Wengine walitazama farasi 650 na 0 hadi 100 kwa sekunde 3.4, wakasema petroli imekwisha kazi. Wote wawili walipita pembeni ya swali analouliza mtu wa uwanja wa mbio: nguvu hizo zitadumu dakika ngapi mfululizo kabla joto halijazibana?

Mwongozo huu ni wa anayelipeleka gari hili uwanjani siku za wazi, yaani siku ambazo mtu analipia na kuendesha gari lake bila mashindano. Mengi yake yanafaa pia kwa gari lolote zito la umeme lenye nguvu. Karibu kila hatua inahusu joto: la betri, la mafuta ya breki na la tairi. Ukilitawala joto, gari hili ni tamu kupita magari mengi ya petroli ya bei yake. Ukilipuuza, utapata mizunguko miwili mizuri na mchana mzima wa kusubiri lipoe.

Namba zake zisomwe hivi

Nguvu ya kila wakati ni kilowati 448, sawa na farasi 609. Zile 650, yaani kilowati 478, zinapatikana ukibonyeza kitufe chekundu cha usukani, N Grin Boost, na zinadumu sekunde 10 tu. Ile sekunde 3.4 ya kufika 100 ni ya hapo. Kwa hiyo panga siku yako kwa farasi 609, na kitufe kile kiweke kwa mnyoofu mrefu mmoja wa kila mzunguko. Kila unapokibonyeza unaongeza joto kwenye betri ambalo utalilipia baadaye.

Ukilinganisha na magari mengine, angalia namba imepimwaje. Watengenezaji kadhaa, Tesla akiwemo kwenye Model S Plaid, huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea futi moja, kama sentimita 30. Futi hiyo inaonekana ndogo, lakini gari likianza kutoka kusimama kabisa inakula sehemu ya sekunde ambayo ndiyo watu wanayobishania. Muda wa kuzunguka Nürburgring, uwanja maarufu wa mbio wa Ujerumani, nao uulizwe: ni gari la kuuzwa au la majaribio? Xiaomi SU7 Ultra la majaribio lilizunguka kwa 6:46.874 mwaka 2024, na lile la kuuzwa likapata 7:04.957 mwaka uliofuata. Ni jina moja, na kati yake kuna sekunde 18.

Namba ya Hyundai yenye manufaa zaidi haimo kwenye mabango. Wahandisi walijiwekea lengo la mizunguko miwili ya Nordschleife, njia ndefu ya Nürburgring, bila nguvu kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Mzunguko mmoja ni kilomita 20.8, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 41.6 za kukanyaga. Hicho ndicho kipimo cha kukumbuka: kwenye uwanja wa kilomita 5, mizunguko minane hivi, kisha pumzika.

Wiki moja kabla

Anza na mafuta ya breki, kwa sababu hayo ndiyo yanayomtoa mtu barabarani. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yachemke si chini ya nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu yasichemke chini ya nyuzi 155. Pengo hilo ndilo hatari yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani polepole kupitia mipira na kifuniko. Mafuta ya miaka miwili yanatosha kabisa kwenda kazini, lakini uwanjani yatatoa mapovu. Povu linabanwa, mafuta hayabanwi, na pedali inazama sakafuni ukiwa na kilomita 180 kwenye spidometa.

Yabadilishe kwa mafuta ya mbio yanayochemka juu ya nyuzi 300, ambayo bado ni ya familia ya DOT 4. Lita moja inatosha kusukuma ya zamani yote na kubakiza kidogo. Nunua chupa iliyofungwa. Chupa iliyobaki nusu kabatini tangu mwaka jana imeshanyonya maji, imwage. Usiweke DOT 5 ya silikoni, kwani haichanganyiki na mafuta haya. Mfumo wa breki hapa unasukumwa na pampu ya umeme, hivyo mpe kazi fundi mwenye kompyuta ya kuiamuru pampu ijifungue. Kutoa hewa kwa kukanyagiwa pedali na mwenzako, kama kwenye gari la zamani, kunaweza kuacha hewa ndani ya pampu.

Padi zikaguliwe kwa macho, tairi zikiwa zimetolewa. Kwa barabara ya kawaida unene wa milimita 4 ni mwingi. Kwa uwanja padi hizo zinakaribia mwisho, kwa sababu padi nyembamba hupitisha joto moja kwa moja hadi kwenye pistoni na mafuta nyuma yake. Tumia milimita 6 kama mpaka wako wa kuondoka nyumbani. Diski za mbele zina kipenyo cha milimita 400, za nyuma 360. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje: ukikwama kwenye ukingo mkali, diski imeliwa, ipimwe unene.

Tairi ni 275/35 R21, ukubwa mmoja mbele na nyuma. Hiyo ni faida kubwa ambayo watu huisahau, maana unaweza kuzihamisha za mbele kwenda nyuma baada ya kila siku ya uwanja na kupata karibu mara mbili ya matumizi. Angalia mabega ya ndani pia, yaani kingo ambapo uso wa tairi unakutana na ubavu, si yale ya nje tu. Uvimbe wowote ubavuni, hata mdogo kama njegere, maana yake nyuzi za ndani zimekatika na tairi hiyo haiendi popote.

Jeki iwekwe kwenye sehemu nne za pembeni zilizooneshwa kwenye kitabu, na kipande cha mpira kati ya jeki na chuma. Katikati ya sakafu yote ni betri. Jeki ikiteleza ikaikandamiza, gharama yake itazidi raha yote ya mwaka.

Kisha mpigie simu mwenye uwanja. Uliza mambo matatu: magari ya umeme yanaruhusiwa? Kuna chaja ya kasi, ya kilowati ngapi, na iko umbali gani? Kikitokea kitu, gari la kubeba lenye jukwaa lipo? Hili la mwisho ni lazima, kwa sababu gari hili halivutwi magurudumu yakiwa chini. Mota zimeungana na magurudumu yote manne, na zikizungushwa gari likiwa limezimwa zinaweza kujiharibu.

Bima nayo. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi uwanja wa mbio. Ndugu walioko Ujerumani wajue kwamba Nordschleife siku za watalii ni barabara ya kulipia ya njia moja na sheria za barabarani zinafuata, lakini kampuni nyingi za bima zimeiondoa kwa jina kwenye mikataba. Gari jingine unalipita kwa kushoto tu, kupima muda hakuruhusiwi, na ukigonga uzio wa chuma unalipa uzio, gari la kubeba na muda ambao njia imefungwa.

Asilimia za betri, na kwa nini 100 si nzuri

Mwenye gari la petroli hujaza tangi asubuhi. Hapa fika uwanjani na asilimia 85 hadi 90. Sababu iko kwenye breki.

Gari hili linaweza kupunguza mwendo kwa mota peke yake hadi 0.6 g, yaani sehemu sita ya kumi ya mvutano wa dunia. Piga hesabu: kilo 2,200 zikipunguzwa kwa nguvu hiyo kutoka kilomita 100 kwa saa zinarudisha karibu kilowati 360 kwa wakati huo. Umeme huo lazima uende mahali, na mahali pake ni betri. Betri ikiwa imejaa haina nafasi, kompyuta inaukataa, na kazi yote inaangukia diski na padi. Mizunguko yako ya kwanza, ambapo tairi bado ni baridi na wewe bado hujaizoea njia, inakuwa ndiyo inayounguza breki. Ukianza na asilimia 88, mota zinakusaidia tangu kona ya kwanza.

Upande wa chini, usipange kukanyaga sana ukiwa chini ya asilimia 30. Volti za betri hushuka kadiri chaji inavyoisha, na kilowati zinashuka nazo. Pia unahitaji kufika kwenye chaja. Kwa hiyo chaji yako halisi ya uwanja ni kati ya 88 na 30, kama kilowati-saa 49 kati ya 84. Matumizi rasmi ya barabarani ni kilowati-saa 21.2 kwa kilomita 100, lakini uwanjani sahau namba hiyo. Andika asilimia ulipoingia na ulipotoka kipindi cha kwanza, gawanya kwa mizunguko, na utajua uwanja ule unakula asilimia ngapi kwa mzunguko. Namba hiyo yako ni bora kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu inabeba mguu wako na hali ya hewa ya siku ile.

Nyuzi za betri kabla ya kuingia

Kwenye menyu ya N, yaani ya mambo ya mbio, kuna maandalizi ya betri, nayo yana njia mbili. Drag inaipasha betri hadi nyuzi 30 hadi 40, kwa mkimbio mmoja mfupi wa nguvu zote. Track inalenga nyuzi 20 hadi 30, ili uanze chini na uwe na nafasi ya kupanda. Kosa la kawaida ni kuchagua Drag kwa sababu betri ya moto hutoa nguvu vizuri. Ni kweli inatoa, kwa mkimbio mmoja. Ukienda mizunguko sita, zile nyuzi 10 za ziada ulizoanza nazo ndizo utakazozikosa mwishoni.

Washa Track nusu saa kabla ya kipindi chako. Kumbuka inakula chaji, hasa asubuhi ya baridi ambapo inapasha, au mchana wa jua ambapo inapoza. Iache ikiwashwa pia kati ya kipindi na kipindi.

Mizunguko yenyewe

Kipindi cha kwanza kiwe dakika 10 hadi 12, si zaidi. Chagua N Race, hali ya gari ya uwanjani, kisha Endurance. Endurance inabana kilele cha nguvu ili joto lipande taratibu, na Sprint inakupa kila kitu mpaka joto liingilie. Wengi huanza na Sprint kwa fahari, kisha wanalalamika kwamba gari limechoka. Gari halijachoka, limefanya waliloliomba. Weka Sprint kwa mizunguko miwili ya mwisho wa kipindi cha tatu au cha nne, unapokuwa umeijua njia.

Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha tairi na kuangalia bendera ziko wapi. Wa pili na wa tatu, ongeza. Jicho moja liende kwenye joto la betri na la mota kila unapopita mnyoofu mkuu. Ukiona betri imepita nyuzi 50, mzunguko unaofuata uwe wa kupoza. Usisubiri kompyuta ikubane, kwa sababu inapobana tayari kuna joto jingi ambalo bado linasafiri kutoka ndani ya seli kuja nje, na namba itaendelea kupanda hata baada ya wewe kupunguza.

Sasa breki. Ukitoka kilomita 200 kwenda 80 kwa saa, gari hili likiwa na dereva linatupa nishati ya megajuli 3 hivi. Hizo zinatosha kuchemsha lita 9 za maji ya bomba, kwa sekunde tatu au nne, kwenye kona moja. Mota zinachukua sehemu kubwa lakini si yote: kwenye mwendo wa juu 0.6 g ni kilowati nyingi kuliko mota zinavyoweza kurudisha, kwa hiyo diski zinasaidia zaidi mwanzoni mwa kukanyaga na mota zaidi mwishoni. Mguu unalisikia hili kama pedali inayobadilika uzito kidogo katikati ya breki. Si hitilafu.

Kinachofuata ni namna ya kukanyaga. Kanyaga mapema kidogo kuliko unavyodhani, kwa uthabiti, mara moja, kisha achia taratibu unapoingia kona. Kukanyaga kwa kuchelewa na kwa hofu kunaamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, na ABS ikiamka urejeshaji wa mota hushuka hadi karibu 0.2 g. Maana yake unajinyima msaada mkubwa zaidi ulio nao wakati unauhitaji zaidi. Breki za magari haya huungua mapema kwa watu wanaochelewa kuliko kwa wenye kasi.

Kona: uzito wake unakwenda kwenye bega la nje la tairi ya mbele. Ukiingia kwa kasi kupita kiasi na kuzidi kugeuza usukani, gari litasukuma mbele na utasikia mngurumo wa chini, kama mtu anaburuta gunia kwenye saruji. Mngurumo huo ni mpira wa tairi unaoondoka. Punguza usukani, achia eksileta kidogo, subiri pua irudi, kisha kanyaga. N Pedal inasaidia hapa: ukiachia eksileta, mota zinavuta kwa nguvu, uzito unahamia mbele na pua inageuka. Ijaribu kwanza kwenye kona ya polepole, kwa sababu kwenye kona ya kasi nyuma ya gari inaweza kuteleza nje.

Mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma una hatua 11. Anza katikati. Kusogeza nguvu nyuma kunalifanya gari ligeuke kwa urahisi, na kunahamishia joto kwenye mota ya nyuma na tairi zake. Hali ya kuteleza, N Drift Optimizer, iache kwa eneo lililotengwa lenye maji. Mahali pakavu inamaliza tairi za inchi 21 kwa mchana mmoja.

Gia za kuigiza: zitumike lini

Hapa ndipo mabishano makali zaidi yalipo, na jibu linategemea unachofanya. N e-Shift inaigiza gia nane. Ukivuta vijiti vya gia vilivyo nyuma ya usukani, torki (nguvu ya kuzungusha magurudumu) inakatika kidogo kama gia inabadilishwa. Usipobadilisha, unagonga kikomo na gari linatikisika. Kwa saa ya kupimia muda hakuna faida, kila mkato wa torki ni muda uliopotea.

Lakini faida yake uwanjani ni ya kweli. Gari la umeme lililo kimya linamnyima dereva kipimo cha mwendo kwa sikio. Unaingia kona ukidhani uko 110, kumbe 128, kwa sababu hakuna kilichobadilika masikioni. Gia ya tatu ikiwa karibu na kikomo kwenye mlango wa kona ileile kila mzunguko, sikio lako linajua mwendo bila macho kuondoka njiani. Ukiwa unajifunza uwanja mpya, iwashe, na sauti chagua Ignition, inayofanana na injini. Ukishazijua kona zote na unatafuta muda, izime. Anayesema ni uongo mtupu hajaitumia kwenye uwanja asioujua.

Kurudi kwenye maegesho

Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi ni wa kupoza: theluthi mbili ya kasi, breki za diski karibu zisiguswe, mota zifanye kazi ya kupunguza mwendo. Ukifika, fuata mpangilio huu.

1. Zima Auto Hold, inayoshikilia breki yenyewe gari likisimama, kabla ya kusimama kabisa, na usivute breki ya kuegeshea. Breki hiyo inabana padi za nyuma juu ya diski ya moto. Padi inaacha alama pale iliposhika, na kuanzia hapo usukani na pedali vitatetema kila ukikanyaga. Weka P, na weka kigingi au jiwe mbele na nyuma ya gurudumu.
2. Acha gari likiwa limewaka, maandalizi ya betri yakiwa kwenye Track, ili pampu na feni ziendelee. Utasikia feni zikivuma kwa nguvu na kompresa ikigonga. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Kulizima hapo ni kuyafungia maji ya moto ndani ya mabomba.
3. Pima upepo wa tairi zote nne ndani ya dakika mbili, kabla hazijapoa.
4. Pita na pua kwenye kila gurudumu. Harufu kali ya kuungua kwenye gurudumu moja tu inaashiria kalipa, kibanio cha padi, iliyokwama. Kwenye mawili ya mbele yote, ni kawaida baada ya kipindi kigumu.

Usimwagie maji diski za moto, hata kama jua ni kali na ndoo iko karibu.

Kuhusu upepo wenyewe: anza asubuhi na kiwango cha kibandiko cha mlangoni, tairi zikiwa baridi. Baada ya kipindi cha kwanza utakuta umepanda, maana kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban 0.1 bar. Mahali pazuri pa kuanzia kutafuta ni 2.5 hadi 2.7 bar zikiwa moto, zote nne zikikaribiana. Usishuke sana kwa kuiga magari mepesi: gari la kilo 1,200 linaweza kukimbia na upepo mdogo, lakini hili likifanya hivyo ubavu wa tairi unajikunja na bega linatafunwa.

Kipimo bora ni chaki. Kabla ya kuingia, chora mstari mweupe kutoka kwenye uso wa tairi hadi ubavuni, mahali pamoja kwenye kila tairi. Tafuta pembetatu ndogo iliyochongwa kwenye bega. Ukitoka, chaki iwe imefutika hadi ncha ya pembetatu na kuishia hapo. Ikifutika kuipita, tairi inajikunja, ongeza 0.1. Ikibaki nyeupe juu ya bega, upepo ni mwingi, toa 0.1. Rudia kila kipindi, kwa sababu lami nayo inabadilika na jua.

Kuchaji katikati ya siku

Mfumo wa volti 800 ndio silaha ya gari hili. Kwenye chaja ya kilowati 350, asilimia 10 hadi 80 ni dakika 18. Kwenye chaja ya kilowati 50 kazi hiyohiyo ni zaidi ya saa moja na dakika 10, na kwenye umeme wa kawaida wa kilowati 11 ni saa tano na ushee. Ndiyo maana swali la chaja linaulizwa wiki moja kabla.

Usiunganishe chaja ya kasi dakika uliyotoka uwanjani. Betri ya moto ikipewa umeme mwingi inazidi kupanda, kompyuta inapunguza chaji, na unaweza kukaa muda mrefu zaidi kuliko ungesubiri dakika 15 kwanza. Pia chaji ya kasi yenyewe inaacha betri na joto. Ukitoka kwenye chaja na kuingia uwanjani moja kwa moja, umeanza mbio ukiwa juu. Mpango unaofanya kazi ni huu: vipindi viwili asubuhi, chaji wakati wa chakula hadi asilimia 80 au 85, nusu saa ya Track, kisha vipindi viwili vya alasiri.

Kwa walioko Ghuba

Viwanja vya mbio vya Dubai Autodrome na Yas Marina vinafikika kwa Waswahili wengi wa Muscat, Dubai na Abu Dhabi, lakini hesabu zinabadilika. Hewa ikiwa nyuzi 42, rejeta haiwezi kuishusha betri hadi 30, kwani maji hayapoi chini ya hewa inayoyapoza. Kinachobaki ni gesi ya kiyoyozi, ambayo betri inagawana na wewe uliyemo ndani. Zima kiyoyozi cha abiria wakati wa kipindi, funga vipindi kwenye dakika 8, na chukua nafasi za usiku au za miezi ya Novemba hadi Machi. Tairi nazo zianze chini kwa 0.1 hadi 0.2 bar kuliko ungeanza Ulaya, kwa sababu lami itazipandisha haraka.

Dalili, na zinachosema

Pedali ya breki inakwenda mbali lakini inashika ukipampu: mafuta yamechemka. Maliza mzunguko polepole, siku yako imekwisha mpaka yabadilishwe, hata kama pedali itarudi ngumu baada ya kupoa. Itakudanganya.

Pedali ni ngumu lakini gari halisimami: padi zimezidi joto lake. Poza, na siku nyingine njoo na padi za uwanja.

Gari halivuti unapoachia eksileta kama asubuhi: ama betri imejaa mno, ama ni ya moto mno. Tazama namba zote mbili kabla ya kumtafuta fundi.

Nguvu zimeshuka mnyoofu wote na joto liko sawa: tazama asilimia. Mara nyingi uko chini ya 30.

Umegonga kitu chini, au unaona moshi mweupe ukitoka sakafuni: simama mbali na watu, toka, ondoka mita nyingi, mwambie mwenye bendera kwamba ni gari la umeme la volti 800. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na yeyote.

Kabla ya kurudi nyumbani

Subiri diski zipoe hadi uweze kusogeza kiganja karibu na rimu bila kukitoa. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha kitabu, maana joto na kupoa huzilegeza. Rudisha upepo kwenye kiwango cha kibandiko kwa pampu ndogo ya volti 12: uliutoa zikiwa moto, kwa hiyo zikipoa zitakuwa chini mno kwa barabara kuu, na gari hili halina gurudumu la akiba. Toa N Race, rudisha udhibiti wa kuteleza, washa tena Auto Hold. Tenga kilomita tano za kwanza kwa kusikiliza. Mkwaruzo mwepesi wa padi utaisha wenyewe. Mtetemo unaopanda na mwendo unamaanisha kipande cha mpira kimeganda kwenye tairi au gurudumu limepoteza uzito wake wa kusawazisha, na hapo simama, ulikague kwa tochi.